Indiketa ya Nyama

Miaka ile ya sabini, ukifika soko la Mogogosiek na kuulizia kibanda cha Mogaka fundi, hakuna aliyejisumbua kukuonyesha kwa kidole. Waliambiana tu, mwambieni asikilize. Pale utakaposikia watu kumi wakicheka na mtu mmoja ameudhika, ndipo hapo.

Mogaka alikuwa mfupi, kichwa kikubwa, vidole vyeusi kwa grisi ambayo haikutoka hata siku ya kwenda kanisani. Mkewe Yunia alisema mdomo wa mume wake ulizaliwa kwanza, halafu mwili ukaufuata mbio kuona umeenda wapi. Kutoka kwao, upande wa Kisii, alikuja akiwa kijana na blanketi moja, akaandikwa kazi ya kuchuma chai katika shamba la wazungu. Alichuma vibaya. Alizungumza na kila mtu katika mstari wake, na mstari wa pili, hata na miche, mpaka nyapara akachoka akampeleka gereji ili angalau azungumze na vyuma. Vyuma vilimvumilia. Baadaye akakaa mjini Kericho kwa fundi mmoja Kalasinga, Mhindi wa kilemba, ambaye hakuwa na kipimo cha umeme. Kipimo chake kilikuwa Mogaka. "Shika hapa," humwambia, kisha anakanyaga stata. Mogaka akiruka, Kalasinga husema, "Iko moto," na kuendelea na kazi. Hivyo ndivyo alivyoufahamu umeme: kwa kuumwa nao.

Alipojitegemea alijenga kibanda cha mabati ubavuni mwa hoteli ya Yunia, hoteli yenyewe ikiwa meza mbili, mabenchi manne na sufuria isiyotoka motoni. Aliyeleta pikipiki alikunywa chai akisubiri, na aliyekuja kunywa chai alijikuta akiambiwa makosa ya pikipiki ambayo hakuwa ameyaona. Walikuja walimu, makatekista, makarani wa kupima majani, hata wafanyabiashara wa mahindi kutoka Mulot wenye vumbi mpaka kwenye kope. Mogaka aliwatengenezea wote, na wote aliwatukana kidogo.

Kitu kimoja tu alikataa kukitilia maanani: taa za kugeukia. Pikipiki nyingi za Kiingereza za wakati ule hazikuwa nazo, na zile mpya za Kijapani zilipoanza kupanda milima ya Konoin na vitaa vyao vya rangi ya machungwa, Mogaka aliziita hereni. "Pikipiki imetoboa masikio," alisema. "Kesho itaomba wanja."

Rafiki yake mkubwa alikuwa Kipkosgei, mtu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Kila asubuhi Kipkosgei alipita barabara ya murram na chupa yake ya barafu yenye mbegu za dume imefungwa nyuma ya pikipiki. Mwenye ng'ombe aliyetaka dume humwingiza ng'ombe huyo katika krashi, kile kizimba cha miti kando ya barabara, kisha hufunga tawi la majani mabichi kwenye nguzo. Kipkosgei akiona tawi, anapinda. Asipoliona tawi, anapita. Akikosa kupita siku hiyo, ng'ombe anapoa, na mwenyewe anasubiri wiki tatu nyingine akinung'unika. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele, "Dume ya pikipiki! Dume ya pikipiki!" naye aliwapungia mkono kama mbunge.

"Wewe una watoto wengi kuliko mfalme Sulemani," Mogaka alimwambia kila alipokuja kunywa chai, "na hakuna hata mmoja anaenda shule."

"Na wewe Mokaka, babu yako alikuwa na ng'ombe mpaka babu yangu akapita usiku."

"Ndiyo sababu leo nakuuzia plagi mbovu. Nalipiza polepole."

Kipkosgei hakuwahi kulitaja jina la Mogaka bila kuligeuza, na Mogaka hakuwahi kumsahihisha. Mmoja alipumzika Jumamosi, mwingine Jumapili, na kwa hiyo kila wiki kulikuwa na siku mbili za kubishana ni Mungu wa nani aliyehesabu vizuri.

Siku moja ya ukungu Kipkosgei aliingia hotelini akiwa amelowa, akavua koti lake la mvua, lile jeusi la mpira lenye mikono mirefu iliyofunika mpaka vidole, akalitundika kwenye msumari.

"Mokaka, niwekee zile taa za kugeukia. Zile za kuwaka na kuzima."

"Indiketa?"

"Hiyo hiyo. Ukungu umezidi. Nikipinda kwa krashi ya mama Chepkemoi, malori ya majani yananipumulia hapa kwa kisogo."

Hoteli ilikuwa imejaa. Mogaka hakuweza kuona mabenchi manne yamejaa akanyamaza, maana ni sawa na kumwonyesha mbuzi mahindi. Aliuchukua mkono wa kulia wa Kipkosgei, akauinua juu kama mwamuzi wa ngumi anayemtangaza mshindi.

"Wazee, na nyinyi akina mama. Hii ni nini? Hii ni indiketa ya nyama. Imefungwa na Mungu mwenyewe. Haitaki betri, haitaki fyuzi, na tangu Adamu haijawahi kuungua balbu. Mtu anayo hii, halafu anataka hereni!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Aliyecheka zaidi ni Kipkosgei mwenyewe. Alimaliza kikombe chake, akavaa koti, na alipokuwa akitoka sokoni aliunyoosha ule mkono pembeni, mrefu kama mti wa bendera, ingawa mbele yake barabara ilikuwa imenyooka na hakuna pa kupinda. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wao. Kila akiondoka, ananyoosha mkono. Kila akinyoosha, Mogaka anapiga makofi kibandani kwake. Habari ya taa haikutajwa tena.

Ilitokea masika yalipoanza. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya chai kama mtu aliyekataa kuamka. Chepkemoi, mjane mwenye ng'ombe wawili, alikuwa amefunga tawi lake, amesimama krashini akimshika ng'ombe pembe. Kipkosgei aliliona tawi kwa kuchelewa. Aliachia mafuta, akanyoosha mkono wa kulia, akaanza kupinda. Nyuma yake lilikuwapo lori la kukodi lililokuwa likiwahi majani ya chai, nalo likamgonga. Chepkemoi, aliyekuwa mbele, aliuona mkono vizuri kabisa. Dereva wa lori aliketi kando ya barabara, kofia mdomoni, akarudia maneno yale yale kwa kila aliyefika:

"Sikuona mkono. Niliona koti tu. Sikuona mkono."

Mkono mweusi, juu ya koti jeusi, ndani ya ukungu. Mogaka alipofika mbio bado na spana mkononi, aliyasikia maneno hayo, na hakuyatoa tena kichwani.

Kipkosgei alilala hospitalini muda mrefu. Mfupa wa bega ulipounga, uliunga vibaya. Mogaka alikwenda kumwona mara nyingi, akiwa amebeba ndizi alizotumwa na Yunia, na kila mara alikaa kwenye ukingo wa kitanda akizungumzia bei ya mahindi. Watu wa sokoni waligundua kwamba kibanda kimekuwa kimya. Ungeweza kupita pale usijue kuna mtu.

Mvua zilipokwisha, Kipkosgei alikuja sokoni kwa miguu, mwembamba, mkewe akiisukuma pikipiki nyuma yake. Mtambo ulikuwa mzima, ni madigadi tu, yale mabati ya kukinga matope, yaliyokuwa yamekunjamana. Aliketi kwenye benchi lake la siku zote na kumwonyesha Mogaka bega. Vidole vilikuwa na nguvu. Kiwiko kilikunjika. Angeweza kushika mafuta, kuvuta breki, kufanya kazi yake yote kwa ng'ombe. Lakini mkono haukupanda. Ukifika usawa wa mshipi unagoma, kama mlango uliovimba kwa maji.

"Bwana Ogola amekuja nyumbani," alisema. Bwana Ogola alikuwa msimamizi wa kazi ile ya kupandisha ng'ombe, mtu wa haki, mpole, asiyependa kupandisha sauti. "Amesema hawezi kutuma barabarani mtu asiyeweza kuonyesha anakwenda wapi. Jumatatu atasimama pale kwa mama Chepkemoi. Akiniona nimepinda vizuri na taa, narudi kazini. Nikishindwa, pikipiki inapewa mwingine."

Mogaka alitazama chini.

"Nikibaki nyumbani nitakufa, Mokaka. Asubuhi ng'ombe wakilia, mimi najua kila mmoja anasema nini. Nalala pale nasikia tu." Kisha akajaribu kutabasamu. "Ile indiketa ya Mungu imeungua balbu. Nipe ya dukani."

Hoteli ilikuwa imejaa siku hiyo pia. Hakuna aliyecheka. Yunia aligeukia sufuria yake na kukoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Mogaka alianza kazi saa hiyo hiyo. Taa nne alizipata kwa katekista mmoja ambaye Honda yake ilikuwa imezama mtoni. Alizifunga mbili mbele kando ya usukani, mbili nyuma juu ya madigadi, akavuta waya chini ya tangi, akaweka swichi upande wa kushoto ambapo dole gumba lingeifikia. Akaiwasha. Taa zilitoa wekundu hafifu kama sigara ya mlinzi.

"Ni wagonjwa kuliko mimi," Kipkosgei alisema.

"Ni balbu za volti kumi na mbili. Pikipiki yako ni ya volti sita. Ni kama kumpa tembo chakula cha sungura."

Alitafuta balbu za volti sita, akazipata Kericho. Sasa mwanga ulikuja, lakini haukupepesa. Ulikaa tu, umetoa macho. Kile kikopo kidogo cha kupepesa, flasha, kilikuwa cha gari la volti kumi na mbili, nacho hakikuona umeme wa kutosha kukifanya kifungue macho na kufumba. Mogaka alikumbuka Volkswagen ya zamani iliyokufa nyuma ya kanisa, yenye volti sita, kuku wakitagia ndani. Akaenda, akawaomba kuku radhi, akarudi na flasha yake mfukoni.

Za mbele zikapepesa. Ya nyuma kulia ikagoma.

Hapo ndipo alipotoa ufundi aliojifunza kwa Kalasinga. Hakubahatisha. Alianzia betri, akaja kwenye fyuzi, akaja kwenye swichi, kila mahali akigusa kwa balbu ndogo iliyofungwa waya mbili. Iliwaka. Aliposhika waya unaoingia kwenye taa, iliwaka pia. "Umeme unafika," alisema. "Unafika, lakini hauna njia ya kurudi." Akakwangua rangi na kutu chini ya taa ili chuma kiguse chuma. Taa ikapepesa mara mbili, ikachoka. Madigadi yale yaliyonyooshwa kwa nyundo baada ya ajali yalikuwa yameshikana kwa kutu tu. Basi akaachana nayo, akavuta waya wake mwenyewe wa arthi, ndiyo njia ya umeme kurudi, kutoka kwenye taa mpaka kwenye betri.

"Shika hapa," alimwambia Kipkosgei, naye akashika waya kwa mkono ule mzima.

"Usinikanyagie stata."

"Kipkosgei." Mogaka alikuwa amepiga magoti nyuma ya gurudumu, uso hauonekani. "Ile siku pale hotelini. Ile maneno niliyosema…"

"Nimeshika waya. Funga."

"Nataka kusema…"

"Mokaka. Funga."

Akafunga. Kipkosgei akasukuma swichi kwa dole gumba, na taa ya nyuma kulia ikaanza: tik, ikawaka, tak, ikazima, rangi ya machungwa ikipiga juu ya mabati na juu ya uso wa Yunia aliyekuwa mlangoni. Kipkosgei aliitazama. Kisha akacheka, kicheko chake kile cha zamani, na Mogaka akainama kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

Jumatatu ukungu ulikuwa ule ule. Chepkemoi alikuwa amemwingiza ng'ombe krashini ingawa hakuwa na joto la dume wala dalili yake. Alitaka tu ionekane kuna kazi. Alifunga tawi kubwa zaidi ya yote aliyowahi kufunga. Bwana Ogola alisimama kando ya nguzo, mikono ndani ya koti. Mogaka alisimama karibu naye.

Walisikia mtambo kwanza. Halafu, mbali sana, kabla hawajaiona pikipiki wala mtu, kitu cha rangi ya machungwa kilifumba na kufumbua ndani ya weupe.

"Naiona," Bwana Ogola alisema kwa furaha ya kweli. "Fundi, naiona vizuri kabisa."

Ilikuja, ikakua, ikapunguza mwendo. Ilipofika kwenye kona ilisimama katikati ya barabara, mguu mmoja wa Kipkosgei chini, uso ukitazama krashi. Walingoja apinde. Tik, tak. Lori lilitokea nyuma yake, likaiona taa, likapunguza mwendo mpaka likasimama kwa adabu umbali mzuri. Dereva aliwasha taa zake kubwa kumwambia pita. Tik, tak. Kipkosgei hakupita.

Akili ya Mogaka ilikimbilia njia iliyoizoea. Betri. Fyuzi. Swichi. Klachi labda imekata. Akavuka barabara.

"Ni klachi?"

"Klachi ni sawa."

"Swichi?"

"Kila kitu ni sawa, Mokaka. Umefanya kazi nzuri." Kipkosgei hakumtazama. "Nasikia lori hapa kisogoni."

"Limesimama. Dereva amekuona."

"Najua limesimama."

Mogaka alirudi nyuma hatua chache, akasimama kati ya pikipiki na lori. Akakunja mkono wa shati mpaka begani, akaunyoosha mkono wake wa kulia, mfupi, wenye grisi, wazi mbele ya taa kubwa.

"Pinda sasa," alisema. "Mimi nimezuia. Hakuna kitakachopita hapa. Pinda."

Lori la pili likaja likasimama nyuma ya la kwanza. Mtu fulani akapiga honi, dereva wa kwanza akatoa kichwa akamwambia anyamaze. Kisha akazima mtambo wake. Wa pili naye akazima. Kukabaki pikipiki peke yake ikitetemeka polepole, na dainamo, kwa mwendo ule mdogo, haikuweza kuishibisha betri. Tik. Muda ukapita. Tak. Mkono wa Mogaka ulianza kuwaka begani, akauinua zaidi. Hakujua amesimama muda gani. Alijua tu kwamba akiushusha ndio mwisho, na hakuushusha.

"Shusha mkono," Kipkosgei alisema hatimaye, taratibu. "Unachelewesha watu na chai yao."

"Bado."

"Mokaka, rafiki yangu. Shusha."

Kipkosgei alizima mtambo, akateremka. Waliivusha pikipiki kwa kuisukuma, kila mtu upande wake. Swichi ilikuwa bado imewashwa, na ile taa ya kulia, ambayo sasa ilikuwa imeishiwa nguvu ya kupepesa, ilikaa ikiwaka hafifu mpaka walipofika krashini, kisha ikafa. Malori yakapita. Chepkemoi alilifungua tawi lake kwenye nguzo, akampa ng'ombe ale majani yale. Bwana Ogola alivua kofia, akaishika muda mrefu, akaivaa tena.

Pikipiki ilipewa kijana aliyeitwa Kimutai, na watoto wakampigia kelele zile zile. Kipkosgei alibaki na chai yake nyumbani, vichaka vichache nyuma ya nyumba, akichuma kwa mkono wa kushoto. Mogaka naye hakuacha tena pikipiki itoke kibandani bila taa za kugeukia. Aliyekataa aliambiwa atafute fundi mwingine. Zaidi ya hayo, alianza uhuni mpya: makoti ya mvua yaliyotundikwa kwenye misumari ya Yunia aliyapaka rangi nyeupe mkono wa kulia, kutoka begani mpaka kwenye kidole, bila kumwuliza mwenyewe. Walimu waligombana naye. Karani mmoja alitaka kumpiga. Hotelini watu walicheka tena na mtu mmoja aliudhika, lakini Mogaka mwenyewe hakucheka. Alisafisha brashi yake tu.

Kipkosgei aliendelea kuja jioni, kwa miguu, akikaa kwenye benchi lake mgongo ukielekea barabarani. Hawakuizungumzia siku ile. Jioni moja Kimutai alipita, akapinda kwenda chini, na mwanga wa machungwa ukagusa ukuta wa mabati mbele yao, ukapotea, ukagusa tena.

Kipkosgei alipuliza kikombe kuondoa mvuke uliokuwa usoni pake.

"Ya nyuma kulia imefifia," alisema, macho yakiwa bado ukutani. "Itakuwa arthi."

Mogaka aliinuka, akaenda kutafuta waya.